Taji la Jua

Msomaji, hakuna kitu tukijuacho zaidi kuliko jua, wala hakuna tukitazamacho kidogo kuliko hilo. Jua hutuamsha asubuhi, hukausha nguo na mahindi yetu, huunguza mashamba yetu mwaka huu na kuyaivisha mwaka ujao. Walakini hapana mtu awezaye kulikazia macho bila ya kujidhuru. Twalijua kwa kazi zake, si kwa uso wake. Katika insha hii nataka kukueleza habari za sehemu mbili za jua ambazo wengi wetu hatutaziona maishani kwa macho, na tukiziona itakuwa ni kwa dakika chache tu. Zaidi ya hayo, nataka kukueleza jinsi watu walivyozijua. Habari ni nzuri, lakini njia iliyotumiwa kuipata ni nzuri kuliko habari yenyewe.

Sehemu ya kwanza ni taji. Jua tulionalo kutoka hapa duniani ni kama sahani ya dhahabu yenye ukingo mkali, lakini ukingo huo si mwisho wa jua. Juu ya uso wake limetanda anga jembamba la gesi lililoenea mamilioni ya kilomita kila upande. Mwanga wa anga hilo ni hafifu mno, kiasi cha sehemu moja katika milioni ya mwanga wa uso wa jua. Kwa hiyo hupotea katika mng'ao mkubwa kama kimulimuli apoteavyo adhuhuri. Mwezi ujapo katikati na kuufunika uso wa jua barabara, ndipo anga hilo huonekana, jeupe kama fedha, limelizunguka duara jeusi kama taji lizungukavyo kichwa cha mfalme. Wataalamu huliita korona, neno la Kilatini lenye maana ya taji. Najua kwamba ulilisikia neno hili kwa ubaya mwaka wa 2020. Jua halina hatia katika jambo hilo. Mwaka wa 1968 wataalamu wa maradhi walivitazama virusi vya namna fulani, wakaona vimezungukwa na pindo lililowakumbusha taji la jua, wakavipa jina hilo. Maradhi yaliazima, jua ndilo mwenye mali.

Sehemu ya pili ni ndimi. Hizi ni gesi zilizoinuka kutoka katika uso wa jua na kuning'inia ndani ya taji, nyekundu kama makaa yapulizwayo. Ukiziita ndimi za moto hutakuwa umekosa sana katika sura, ingawa haziungui kama kuni ziunguavyo. Nyingine hukaa mahali pamoja kwa majuma. Nyingine hupasuka na kurushwa angani kwa muda wa saa chache. Tarehe 19 Desemba 1973, wanaanga wa Marekani waliokuwa katika maabara ya angani iitwayo Skylab walipiga picha ya ulimi mmoja ambao urefu wake ulipita kilomita 588,000. Zipange dunia 46 kama hii yetu katika mstari mmoja, bega kwa bega, ndipo utakapoufikia urefu huo.

Nchi yetu imepata kuliona taji hilo. Tarehe 30 Juni 1973 kivuli cha mwezi kilipita juu ya Ziwa Turkana. Tarehe 16 Februari 1980 kilikata kusini mwa Kenya na kwenda zake Bahari ya Hindi. Na tarehe 3 Novemba 2013 kilirudi tena Turkana jua likikaribia kuchwa. Wako wazee waliokuwapo katika siku hizo ambao watakusimulia jinsi kuku walivyokwenda kulala mchana. Lakini kuona si kujua. Dakika chache za giza haziwezi kumwambia mtu taji limefanywa kwa nini, wala lina joto gani.

Mimi ni mwalimu wa fizikia katika shule ya kutwa ya mashambani. Miaka michache iliyopita nalikuwa nikifundisha habari za mwanga katika kidato cha pili, nikasema kuwa joto la uso wa jua ni kama digrii 5,500, na la taji linapita digrii milioni moja. Mvulana mmoja aliyekaa nyuma akainua mkono, akauliza, "Mwalimu, nani alifika huko akapima?" Darasa zima likacheka. Yeye hakucheka. Muhula ule wanafunzi walikuwa wanachagua masomo ya kuendelea nayo katika kidato cha tatu, na fizikia ilikuwa moja ya masomo yanayoweza kuachwa. Akaongeza, "Ikiwa hakuna aliyefika, basi hili nalo ni jambo la kuamini tu; na mambo ya kuamini tunayo ya kutosha."

Naliwanyamazisha waliocheka, kwa sababu swali lile halikuwa la mjinga. Mwaka wa 1835 mwanafalsafa maarufu wa Ufaransa, Auguste Comte, aliandika kuwa binadamu hataweza kamwe kujua nyota zimeumbwa kwa vitu gani. Alikuwa na hoja: nyota hazifikiki, na kisichofikika hakiwekwi katika chupa ya maabara. Tofauti ya Comte na mwanafunzi wangu ni kwamba Comte alifunga mlango, na mvulana aliubisha. Maadamu umebishwa, ilinipasa kuufungua. Na njia niliyowapitisha wanafunzi wale ndiyo nitakayokupitisha wewe.

Anza na kipande cha kioo chenye pande tatu kiitwacho prizimu. Pitisha mwanga mweupe humo, nao utatoka upande wa pili umetawanyika kama upinde wa mvua, nyekundu mwanzo na urujuani mwisho. Isaac Newton aliufanyia kazi utepe huo wa rangi katika karne ya 17. Mwaka wa 1814 fundi wa vioo wa Ujerumani, Joseph Fraunhofer, aliutanua utepe wa mwanga wa jua kwa vioo bora zaidi, akaona jambo la ajabu: umekatwakatwa na mistari myeusi, nayo akaihesabu zaidi ya 500. Haikujulikana maana yake mpaka mwaka wa 1859, pale Gustav Kirchhoff na Robert Bunsen walipoonyesha huko Heidelberg kwamba kila elementi, iwapo gesi yenye joto, ina mistari yake yenyewe katika utepe wa rangi, mahali pake penyewe, isiyofanana na ya elementi nyingine. Mfugaji hutia ng'ombe wake chapa, na ng'ombe akipotea hata wilaya ya tatu, chapa yasema ni wa nani. Mistari hiyo ndiyo chapa ya vitu. Kusoma chapa hizo ndiko kuitwako spektroskopi.

Nilipokuwa katika chuo cha ualimu, mkufunzi wetu wa sayansi hakuwa na prizimu za kututosha. Alitupa kazi ya kutengeneza chombo kwa sanduku la viatu, wembe, gundi na kipande cha sidii kuukuu, kwa sababu mifereji myembamba ya sidii huutawanya mwanga kama prizimu. Usiku ule tulitembea kiwanjani na masanduku yetu kama watu waliopoteza kitu. Balbu ya kawaida ilitupa utepe mzima bila ya pengo. Taa ndefu ya bwenini ilitupa mistari iliyoachana. Kisha tukatupa chembe za chumvi katika mwali wa jiko la gesi, na hapo hapo ukatokea mstari wa manjano, mkali, mahali pamoja kila mara. Ile ndiyo chapa ya sodiamu iliyo ndani ya chumvi. Nakuomba ujaribu jambo hili, lakini nakuonya: usikielekeze chombo hicho kwenye jua hata kidogo. Kielekeze ukuta mweupe uliopigwa na jua, utaona vya kutosha, na macho yako utabaki nayo.

Mstari wa manjano una kisa chake. Tarehe 18 Agosti 1868 jua lilipatwa huko India, na Mfaransa Jules Janssen akaelekeza spektroskopi yake kwenye ndimi za jua. Mistari ilikuwa ya kung'aa, na hiyo ikathibitisha kwamba ndimi ni gesi. Zilikuwa ang'avu mno hata akaweza kuitazama mistari yao siku iliyofuata bila ya jua kupatwa. Mwezi wa Oktoba mwaka uo huo, Mwingereza Norman Lockyer naye akafanikiwa vivyo hivyo. Katika mistari hiyo ulikuwamo mmoja wa manjano, karibu sana na ule wa sodiamu lakini si wenyewe. Hapakuwa na kitu chochote duniani chenye chapa hiyo. Lockyer akasema ni elementi mpya, nayo ikaitwa heliamu, kwa jina la jua katika Kiyunani. Ilikuwa mwaka wa 1895 ambapo William Ramsay aliipata heliamu hapa duniani, imefichwa ndani ya jiwe. Fikiri, msomaji: kitu kilijulikana kwanza mbali ya kilomita milioni 150, kisha ndipo kilipopatikana chini ya miguu yetu.

Basi tuje kwenye taji na joto lake. Tarehe 7 Agosti 1869 jua lilipatwa Marekani, na watu wawili, Charles Young na William Harkness, wakaona katika taji mstari wa kijani usiojulikana. Watu wakakumbuka ushindi wa heliamu, wakaamini kuwa hii nayo ni elementi mpya. Wakaipa jina la koroniamu, wakaitafuta. Miaka 70 ikapita, koroniamu haikuonekana, na jedwali la elementi likajaa hata pasiwe na nafasi ya kuiweka. Ndipo mwaka wa 1939 Mjerumani Walter Grotrian alipotambua mstari mwingine wa taji kuwa ni wa chuma, na Msweden Bengt Edlén akautambua ule wa kijani miaka michache baadaye. Ulikuwa wa chuma. Chuma hiki hiki cha jembe na sufuria. Lakini kilikuwa chuma kilichonyang'anywa elektroni 13 kati ya 26 zake, nusu ya mali yake yote. Ili atomu ya chuma inyang'anywe kiasi hicho, yapasa igongwe kwa nguvu zisizopatikana ila pale joto lipitapo digrii milioni moja.

Hilo ndilo jibu nililompa mvulana yule. Hapana mtu aliyefika; chuma chenyewe kilikuwako, nacho kikatoa ushahidi. Mhunzi hakigusi chuma kilichomo katika tanuri ili ajue joto lake. Hutazama rangi, na rangi humwambia.

Lakini mistari michache ionekanayo kwa macho haikutosha. Gesi yenye joto kubwa namna hiyo hutoa sehemu kubwa ya mwanga wake katika miale mifupi, nje ya urujuani, iitwayo miale ya urujuanimno. Urefu wa wimbi la mwanga hupimwa kwa nanomita, na nanomita 1 ni sehemu ya milioni ya milimita 1. Jicho letu huona kuanzia kiasi cha nanomita 400 hadi 700. Mstari mkubwa wa haidrojeni ya jua uko kwenye 121.6, ule wa heliamu uko kwenye 30.4, mistari ya chuma cha taji iko kwenye 17.1 na 19.5. Miale hiyo yote hukoma juu angani. Tabaka la ozoni huizuia miale iliyo chini ya nanomita 300 hivi, na oksijeni na naitrojeni huizuia iliyo mifupi zaidi. Tushukuru, maana isingezuiwa, ngozi na macho yetu yasingesalimika, wala mimea yetu. Hewa ni mwavuli. Lakini aliye chini ya mwavuli haoni yaliyo juu yake. Kitu kile kile kituhifadhicho uhai ndicho kilichotuficha siri za taji.

Mtaka cha mvunguni huinama. Waliokitaka hiki iliwapasa wapande. Baada ya Vita Vikuu vya Pili, Marekani ilikuwa na roketi za V-2 zilizotekwa kutoka kwa Wajerumani, silaha zilizoua watu wengi mijini. Maabara ya utafiti ya jeshi la wanamaji ikazipa kazi nyingine. Chombo cha kwanza kilichopandishwa mwezi wa Juni 1946 kilipotea roketi ilipoanguka na kuchimba shimo kubwa ardhini. Richard Tousey na wenziwe hawakuacha. Tarehe 10 Oktoba 1946 walifunga chombo kingine katika bawa la mkia wa roketi, mahali ambapo pangeweza kusalimika katika kuanguka, wakairusha huko New Mexico. Filamu iliokotwa nzima. Mara ya kwanza binadamu akauona utepe wa jua ukiendelea kupita pale ambapo ozoni ilikuwa ikiukata.

Tangu hapo zikaja setilaiti, na moja yao ilitoka kwetu. Katika Ghuba ya Ungwana, karibu na Malindi, limesimama baharini jukwaa la Waitalia liitwalo San Marco. Kutoka hapo ilirushwa setilaiti Uhuru tarehe 12 Desemba 1970, siku ya sherehe yetu, ikachunguza anga kwa miale ya eksirei. Na kutoka hapo hapo, tarehe 25 Machi 1988, ilirushwa setilaiti ya San Marco iliyobeba chombo cha kupima miale ya urujuanimno ya jua. Ilifanya kazi mpaka ikateketea angani mwezi wa Desemba mwaka huo. Wavuvi wa pwani yetu waliiona ikipanda.

Sasa, mistari hiyo yasema nini? Kwanza yasema joto. Kila mstari hutolewa na gesi ya joto lake. Ukitazama jua kwa mstari mmoja baada ya mwingine ni kama kumenya kitunguu tabaka kwa tabaka. Pili yasema mwendo. Umepata kusimama kando ya barabara, gari la wagonjwa likija na king'ora chake. Likija sauti huwa nyembamba, likiisha kupita huwa nzito. Mwanga hufanya vivyo hivyo: gesi ijayo kwetu mstari wake husogea upande wa mawimbi mafupi, na iendayo mbali husogea upande wa mawimbi marefu. Tatu, kwa kulinganisha nguvu za mistari fulani, hujulikana gesi imesongamana kiasi gani.

Kwa njia hiyo ndimi zimesimulia hali yao, nayo ni hali ya kustaajabisha. Joto la ulimi ni kama digrii 8,000 tu, hali umezungukwa na taji la digrii milioni. Ni baridi kuliko taji kiasi cha mara mia, na mzito kuliko taji kiasi hicho hicho. Kwa nini hauyeyuki? Kwa nini hauanguki? Mistari ya kaboni na oksijeni katika urujuanimno imeonyesha kuwa pale ulimi upakanapo na taji kuna ngozi nyembamba ambamo joto hupanda ghafula. Kinachoushika ni nguvu za sumaku za jua, ambazo huinama katikati na kuubeba, kama mbeleko imbebavyo mtoto mgongoni. Mbeleko ikikaza, ulimi hutulia majuma mengi. Fundo likifunguka, hurushwa.

Fundo likifunguka upande wetu, nasi twapata habari. Tarehe 13 Machi 1989 dhoruba kutoka katika jua ilizima umeme katika jimbo la Quebec huko Kanada, na watu milioni 6 wakakaa gizani kwa saa 9 hivi. Kadiri tunavyozidi kutegemea umeme, simu na setilaiti, ndivyo itupasavyo kulisoma jua mapema.

Bado kuna fumbo. Mtu akiondoka penye mafiga hupata baridi. Iweje anga la jua liwe moto kuliko uso wake? Wengine wasema ni mawimbi ya sumaku yanayopeleka nguvu juu. Wengine, wakimfuata Eugene Parker, wasema ni milipuko midogo isiyohesabika. Chombo SOHO, kilichorushwa mwaka wa 1995, kiligundua kwa miale ya urujuanimno kuwa juu ya ncha za jua chembe za oksijeni zina joto la zaidi ya digrii milioni 100, hali haidrojeni iliyo pamoja nazo ina milioni chache tu. Fumbo likazidi kuwa zito. Mwezi wa Aprili 2021 chombo kilichopewa jina la Parker kiliingia ndani ya taji lenyewe. Kwa hiyo sasa yuko aliyefika. Naye hakuja kuubatilisha ushahidi wa chuma, bali kuuongezea.

Mvulana yule hakuichagua fizikia. Alichagua kilimo, kwa sababu kwao kuna shamba na baba yake amezeeka, sikumlaumu. Lakini siku moja alikuja shuleni mtu wa kuuza mbolea, akatuambia kuwa mbolea yake huzidisha mavuno mara mbili. Watu walipiga makofi. Mvulana akasimama, akauliza kwa adabu, "Nani alipima, na alipima vipi?" Safari hii hapana aliyecheka, na mgeni alichukua muda mrefu kutafuta maneno.

Wahenga walisema, usione vyaelea, vyaundwa. Kila jambo uonalo limeelea katika kitabu chako cha sayansi, kama jahazi bandarini, liliundwa na watu: waliosubiri kupatwa kwa jua, waliokosea jina la elementi kwa miaka 70, waliookota filamu katika mabaki ya roketi. Una haki ya kuuliza liliundwaje. Ukiuliza, usitosheke na jibu la kwamba limeandikwa. Na ukijibiwa kwa ushahidi, uwe na moyo wa kuukubali ushahidi huo, hata ukikuambia jambo lisiloaminika kama hili: kwamba juu ya jua tulionalo kila siku limekaa taji lenye moto kuliko jua lenyewe, na sababu yake yangojea mtu wa kuithibitisha.